Marehemu Anaomba Chumvi

Kwa maelezo ya Mama Sandrine, jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu hapa Louisville, mdogo wangu Hadassa alifariki Jumatano kabla ya watu kunywa chai.

Anasema alisikia kilio cha mama yangu kwa masikio yake mwenyewe. Anasema aliiona gari ya wagonjwa ikiondoka bila kuwasha taa, na gari ya wagonjwa ikiondoka bila taa, kila mtu anajua maana yake. Anasema alimwona baba yangu akitoka na blanketi mikononi, ameliinamia, na kwamba yeye Mama Sandrine alishikwa na kizunguzungu akakaa kwenye ngazi mpaka binti yake alipomletea maji.

Haya yote alinieleza mimi, Jumatano hiyohiyo, akiwa amesimama mlangoni petu na kitenge cheusi kichwani.

"Pole, Umurerwa," alisema. "Hii mambo inauma sana. Mutoto muzuri vile."

Nyuma yangu, marehemu aliuliza chumvi iko wapi.

Alikuwa anakaanga mayai. Mama Sandrine akachungulia juu ya bega langu, akamwona Hadassa amesimama jikoni, kichwa hakina hata unywele mmoja, mwiko mkononi. Hadassa akampungia mwiko.

Mama Sandrine hakupiga kelele, hilo nampa sifa. Alirudi kinyumenyume polepole, kama mtu aliyeingia na viatu vya matope kwenye zulia la wenyewe.

"Bon," akasema. "Nitarudia kesho."

Kwa ambaye hakuwa nami wiki zilizopita, nimfupishie hivi.

Hadassa ana miaka kumi. Ana uvimbe kwenye ubongo, mahali ambapo kisu cha daktari hakifiki. Walimpiga mionzi, uvimbe ukanywea, tukashukuru. Halafu ukarudi.

Baba yetu, mzee Kagabo, alikataza ugonjwa huo usitajwe nje ya nyumba. Yeye anaamini ugonjwa ukiitwa kwa jina unaitika. Kwa hiyo kanisani tulisema mtoto ana homa ya zamani, ile ya kambini. Nywele zilipodondoka tukasema ni kofia ya baridi ilimchoma. Watu wa kwetu ni wapole, walitikisa kichwa wakakubali kwamba kofia za Amerika ni kali.

Huko hospitali tulimpata mama mmoja Mzungu, mtu wa Hilliard, pembeni ya Columbus, aliyekuja kuwatembelea wazazi wa watoto wagonjwa. Mwanawe alikufa kwa ugonjwa huuhuu. Mama yangu alipoambiwa jina la mtoto yule, akaanza kumwita Mama Wyatt, kama tunavyomwita mama yeyote kwa jina la mtoto wake. Yule mama akalia palepale kwenye kiti. Akasema tangu wamzike hakuna mtu aliyemwita mama wa Wyatt.

Kila mwaka, mwezi wa Septemba, yeye na familia nyingine wanatembea kwenye bustani moja ya Columbus kuchangisha pesa za utafiti. Anasema kansa za watu wazima zina watu wengi wanaozitafutia dawa, lakini hii ya ubongo wa watoto wanaoitafutia ni wachache, na kama wazazi hawapigi kelele hakuna wa kuwapigia. Alituonyesha picha. Kila mtoto na kundi la watu wake nyuma yake, wote wamevaa fulana za dhahabu zenye sura ya mtoto huyo.

Hadassa aliziangalia picha zile muda mrefu. Akaniuliza, "Wangu mimi watakuwa wangapi?"

Nikamwambia Mama, Baba, mimi, na yeye mwenyewe.

Akafikiri kidogo. "Hata ng'ombe wa yule maskini wa kwenye hadithi za Baba ni wengi kuliko hao," akasema.

Ndipo nikafanya nililolifanya. Wiki iliyopita niliwaacha pale nilipoinua simu kumpigia Jules wa Columbus, bila Baba kujua.

Jules ana duka Northland, kwenye barabara ya Morse, katikati ya duka la unga wa mihogo na saluni. Anachapisha fulana. Za arusi zipo, za kwaya zipo, lakini kazi inayomlisha ni za vilio. Maana kwetu, mtu akivaa fulana yenye sura ya mtu kifuani, huyo wa kifuani hayupo tena. Mtoto wa chekechea wa Kikongo analijua hilo.

Mimi pia nalijua. Nimezivaa. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa zile picha za Mama Wyatt, Wazungu wanaocheka na watoto wao wamo vifuani na wamo pembeni yao, hai, wanakula barafu. Nikasahau natoka wapi.

Nilimwambia Jules nataka fulana za dhahabu zenye sura ya mdogo wangu, jina lake, na maneno "Jumamosi, Columbus". Ugonjwa sikuutaja. Baba alikataza.

Jules akashusha sauti.

"Iko na miaka ngapi?"

"Kumi."

"Aa, yaya. Pole sana."

"Asante," nikasema.

"Batu batakuya, usiogope. Na mi sitakuomba bei ya kawaida. Kwa mambo kama hii, apana."

Nikaweka simu chini nikamwambia Hadassa kwamba duniani bado kuna watu wana roho nzuri.

Roho nzuri ya Jules ilitundika fulana ya kwanza dirishani ikauke. Dada mmoja wa kanisa akapita, akaiona, akaipiga picha, akaituma Buffalo, mtaa wa Black Rock, ambako ndiko iliko nusu ya ukoo wetu. Buffalo wakairusha Louisville, ikaangukia kwenye simu ya Mama Sandrine, hatua chache kutoka sufuria yetu. Gari ya wagonjwa na blanketi aliziongeza mwenyewe njiani, ili habari isitufikie ikiwa tupu.

Mama Sandrine alipofunga mlango wake, nilimpigia Jules nikamwomba anitumie picha ya fulana. Akatuma. Hadassa yumo, anacheka meno yote. Amezungukwa na mawingu. Huku njiwa, huku njiwa. Chini yake pameandikwa, Pumzika Mtoto Wetu.

"Mawingu nimewapa bure," Jules akasema.

"Jules, mtoto ni mzima."

"Mzima namna gani?"

"Anakula mayai."

Nikasikia anavuta kiti anakaa. "Donc," akasema, "na ile ma-tisheti yote imeisha kukauka."

Nikapiga Buffalo kwa baba mkubwa Rugamba, kaka yake Baba. Haikushikwa. Nikapiga tena na tena. Baba mkubwa ni mtu wa sheria, akiwa kwenye usukani hashiki simu hata ikiungua. Nikaelewa kwamba walikuwa wameshaingia barabarani.

Na barabara ya kutoka Buffalo kuja kwetu inapita Columbus. Watu ambao nilikuwa natamani wafike Columbus Jumamosi walikuwa wanaipita Columbus wakilia, kuja kwenye msiba wa msichana aliyemaliza mayai na sasa anauliza kama kuna mkate.

Mama, Nyirabeza wa watu, nilipomweleza alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akaacha kucheka ghafla, akajifuta macho na upande wa kitenge.

"Pika," akaniambia. "Wanatoka mbali. Na Baba yako utamwambia wewe mwenye fulana."

Sikumwambia. Baba alirudi kutoka kiwandani amechoka, akala, akalala. Nikasema nitamwambia asubuhi. Asubuhi alikuwa ameshaondoka. Nikasema nitamwahi mchana kabla wageni hawajafika.

Wageni ndio waliowahi.

Magari yalijipanga pembeni ya barabara yetu mpaka Wazungu wa nyumba ya kona wakatoka kutazama. Wakashuka wanawake na shali, wakashusha magodoro, wakashusha gunia la unga, wakashusha sufuria ile ya kanisa ambayo haipikiwi arusi. Na mguu wa kwanza ulipogusa lami, wakaanza kulia, maana hairuhusiwi kufika kwenye kilio na macho makavu.

Nilitoka mbio kuwazuia. "Yu hai," nikawaambia. "Mama zangu, Hadassa yu hai."

Wakanishika wawili, huyu huku na huyu huku. Goreth, binamu ya Baba, mwanamke mwenye mikono ya kubeba wagonjwa maana ndiyo kazi yake huko Buffalo, akanikandamiza kifuani kwake.

"Maskini," akawaambia wenzake. "Bado hajakubali."

Kadiri nilivyosema yu hai, ndivyo walivyozidi kulia. Mmoja akaanza kunipepea.

Hapo gari ya Baba ikakunja kona.

Msomaji, mpaka hapa nimekuwa nikitania, na nitarudia utani wangu. Lakini niruhusu niseme hili kama lilivyokuwa. Baba aliona magari. Aliona magodoro. Alimwona kaka yake Rugamba amevua kofia kwenye nyasi zetu. Alitoka garini bila kuzima injini, mlango ameuacha wazi, na alikimbia. Sijawahi kumwona baba yangu akikimbia Amerika. Mtu alinyoosha mikono kumkumbatia, akamsukuma. Nilijinasua kwa Goreth nikamfuata, namwita, hanisikii.

Ndani, Hadassa alikuwa kwenye kochi karibu na dirisha, anavuta maziwa kwa mrija, anatazama kilio chake.

Baba akaanguka magoti. Akamshika kichwa, akamshika uso, akamshika miguu, mmoja mmoja, kama mtu anavyomkagua ndama aliyezaliwa usiku wa mvua.

"Baba," Hadassa akamwambia kwa Kiingereza chake cha shule, "unanuka kiwanda."

Wale wanawake walikuwa wameshafika mlangoni. Kilio kikakatika. Hakikukatika pamoja, kilikatika kwa mmoja baada ya mwingine, kadiri kila mmoja alivyopata nafasi ya kuchungulia. Wa nyuma aliendelea peke yake kwa muda kidogo, mpaka akapigwa kiwiko.

Baba mkubwa Rugamba akaingia, akakaa kwenye kiti, akaweka kofia gotini.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikamwambia hakuna.

"Basi tangu Cleveland tumekuwa tukimlilia nani?"

Nikawaeleza. Niliwaeleza nikiwa nimesimama, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Picha, fulana, Jules, mawingu. Goreth alikuwa ananitazama kwa jicho la mtu anayejutia machozi mazuri. Baba hakunitazama kabisa.

Aliyetuokoa ni mwenye kilio.

"Baba mkubwa," Hadassa akasema, safari hii kwa lugha yetu, "mlikuwa mtasema nini juu yangu?"

Watu wakatazama viatu vyao. Kila mtu anajua Baba mkubwa Rugamba ndiye msemaji wa vilio vyote kuanzia Buffalo mpaka huku kusini. Akikohoa tu, watu wanatoa leso.

"Mambo hayo hayasemwi kwa mtu anayetazama," akajibu.

"Lakini umekuja nayo njia nzima."

Baba mkubwa akamwangalia Mama. Mama akavuta mdomo upande mmoja, kama anayesema mzigo ni wako, utue. Rugamba akakohoa. Kwa mazoea, mmoja akatoa leso.

"Hadassa," akaanza, "alikuwa mtoto mtiifu."

Hadassa akainua mkono. "Si kweli."

"Si kweli kabisa," Mama akasema.

"Alipenda kwaya."

"Walinitoa kwaya."

"Katika maisha yake hakumjibu mtu mkubwa hata mara moja."

Hapo nyumba nzima ikapasuka. Goreth alicheka akiwa amejishika ubavu, magodoro yakageuka viti, mtu akaifunua sufuria ya kilio akaanza kupakua sombe, kisamvu cha kwetu.

"Baba mkubwa," Hadassa akasema kicheko kilipopungua, "mlilia mtoto mwingine. Huyo simjui."

Rugamba alitabasamu. Halafu tabasamu likamtoka polepole, na akauliza swali ambalo nyumba yetu ilikuwa imelikimbia mwaka mzima.

"Na kichwa? Tuliambiwa ni kofia."

Nikamwangalia Baba. Baba alikuwa anaangalia sakafu.

Mama ndiye aliyesema. Alisema tu, kama anayemtajia mgeni jina la mtaa. "Ana kansa ya ubongo. Na imerudi."

Hakuna aliyelia. Nadhani walikuwa wameshayamaliza. Baba akainuka, akatoka nje, akaenda kuzima injini ya gari iliyokuwa inaunguruma muda wote huo. Hakurudi ndani.

Basi nikasema ya Jumamosi. Nikawaambia kuna matembezi, kuna Mama Wyatt, kuna madaktari wanaotafuta dawa, na kwamba Hadassa anataka watu wake nyuma yake.

"Hizo pesa," Rugamba akauliza, "zitamponya huyu mtoto?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi.

"Hapana," Hadassa akasema. "Mimi dawa hiyo itanichelewa. Ni ya atakayeugua baada yangu."

"Mtoto wa nani?"

"Sijui. Labda hajazaliwa."

Baba mkubwa akageuza kofia yake gotini, akaigeuza tena. Nilijua tunachoomba si kidogo. Ukimwambia mtu wa kwetu atoe kwa ajili ya mgonjwa, atatoa. Kwa ajili ya marehemu, atatoa zaidi. Lakini kumwambia atoe kwa ajili ya mtoto wa Mzungu asiyemjua ambaye hajazaliwa, hapo unamtafutia maneno.

"Huko milimani," akasema mwishowe, "baba yangu alipewa ndama na mzee Mutware. Hakuwa wa ukoo wetu. Alikuwa mzee sana, na ndama alikuwa mdogo sana. Mutware alikufa kabla yule ndama hajazaa. Mimi na Kagabo tumekunywa maziwa ya uzao wake mpaka tulipokimbia vita." Akavaa kofia. "Hatukuwahi kumwonyesha Mutware hata kikombe."

Kisha akageukia bahasha za pesa ya kilio walizokuja nazo, ambazo zilikuwa zimelala kwenye kitambaa cheupe mezani na hakuna aliyejua azitazame vipi. Akasema pesa ya kilio haiwezi kuliwa na mtoto aliye hai, ni kumwitia mabaya. Wala haiwezi kurudi mfukoni, imeshaaga. Basi iende kwa hao ambao hawajafika.

Nikadhani tumemaliza. Nikamsahau Goreth.

Goreth akasema kutoa atatoa, na kutembea atatembea mpaka soli iishe. Lakini fulana ile havai. Amezivaa za watu wake, anajua uzito wake kifuani, na hatamvalia huyu akiwa anamtazama. Wanawake wakaitikia. Hata Mama aliitikia kidogo, nilimwona.

Ubishi ulikuwa mrefu. Mwisho Rugamba akaamua kwamba zivaliwe nje ndani. Sura itazame mwili, mgongo wa kitambaa utazame dunia, na lile jambo ambalo hatulitaji, linalochukua watu, lipite bila kusoma kitu.

"Nitakuwa naona matumbo yenu tu," Hadassa akasema. Lakini akakubali.

Nilimfuata Baba nje. Alikuwa ameegemea gari, koti la kiwandani bado mwilini.

"Nilikukataza," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Nguo ile mzazi anaivaa siku moja. Siku hiyo namwomba Mungu asinionyeshe. Usiniletee."

Nikamwuliza kama basi tumwombe Baba mkubwa atuendeshe.

"Mtoto wangu haendeshwi na mtu mwingine," akajibu, na mpaka tulipofika Columbus Ijumaa hakuniambia neno jingine, isipokuwa nifunge mkanda.

Jumamosi asubuhi Jules alileta fulana mwenyewe pale kwenye bustani, kwenye maboksi, macho chini. Alikuwa amekesha akijaribu kuzirekebisha. Lile neno la kupumzika alilipaka rangi ya dhahabu likafutika. Mawingu nayo yalifutika. Njiwa walikataa. Kila alipowapaka tena, walizidi kunenepa mpaka wakawa kuku.

"Ni kuku wa maisha," akaniambia kwa unyonge. "Banaweza kubaki?"

Nikamwambia wabaki.

Watu wetu wakazivaa nje ndani, kundi zima, wa Buffalo, wa Northland kwa akina Jules, na Mama Sandrine, ambaye alikuja na gari la pili na sasa alikuwa anawaeleza watu jinsi yeye alivyokuwa wa kwanza kuwaambia wote kwamba mtoto ni mzima. Mama Wyatt akaja akawaona wamejaa mpaka kwenye maegesho. Akaweka mkono mdomoni. Kisha akaniuliza kwa nini fulana zimegeuzwa.

Mimi nimeishia darasa la sita, la kambini, na Kiingereza changu ni cha ghalani. Sikuwa na namna ya kumweleza Goreth na yale asiyoyataja. Nikamwambia ni ili mtoto awe karibu na moyo.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Baada ya kitambo nikaona familia moja ya Wazungu wamejificha nyuma ya gari lao wanavua fulana, wanazigeuza. Halafu familia ya pili. Nikajikausha nikatazama miti.

Utaratibu wa pale ni kwamba jina la mtoto linaitwa kwenye kipaza sauti, naye anatoka mbele na mzazi wake, na kundi lake linafuata. Majina yalikuwa yanaitwa. Watoto walikuwa wanatoka, wengine kwa miguu, wengine kwenye viti vya magurudumu, wengine walikuwa ni picha tu mikononi mwa mama zao.

Likaitwa la Hadassa. Waliliharibu, lakini tulilitambua. Wanawake wakaanzisha wimbo, na si ule wa kwenye lami ya Louisville.

Hadassa hakutoka.

Alikuwa anamtazama Baba. Baba alikuwa amesimama pembeni kabisa, karibu na gari, koti lake la kiwandani limefungwa mpaka kwenye kidevu.

Hadassa akaenda kwake. Alikwenda kwa miguu, ingawa kiti kilikuwepo na mguu wa kushoto unamburuta. Nikamfuata kwa nyuma kwa ajili ya kumdaka. Mkononi alikuwa na fulana moja, kubwa, haijageuzwa. Sura yake ilikuwa inacheka juu ya kitambaa, kuku huku na kuku huku.

"Baba, vaa," akamwambia.

"Nilishamwambia dada yako."

"Najua. Unaiweka ya siku ile nyingine."

Baba akageuza uso kama mtu aliyepigwa na jua.

"Lakini siku ile mimi sitakuona," Hadassa akasema, kwa lugha yetu, taratibu, akichagua maneno maana si mengi aliyonayo. "Na sitajua kama imekubana tumboni. Vaa leo, Baba. Nikucheke."

Akamnyooshea.

Baba akaipokea. Akaishika kwa mikono miwili, akaikunjua, na kwa mara ya kwanza akaitazama.

Nyuma yetu kipaza sauti kikaita tena jina la mdogo wangu. Wimbo ukapungua, ukapungua, mpaka ikabaki sauti ya Goreth peke yake. Watu wote wa Buffalo na Northland walikuwa wamegeuka wanamwangalia mzee Kagabo na ile fulana mkononi, na zipu ya koti lake iko palepale, juu, kwenye kidevu.